Ugumu wa Kidunduliti

Ilikuwepo nchi, na bado ipo, ila usiitafute kwenye ramani. Ramani yake ilipelekwa kurekebishwa tangu mwaka ule mto ulipokataa kupita mahali ulipoagizwa kupita. Nchi yenyewe ilikuwa na amani. Amani ilikuwa nyingi hata zikahitajika idara tatu za kuilinda, na kila raia alipewa fungu lake, akalihifadhi mdomoni, nyuma ya meno, akafunga.

Humo aliishi mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani Mbwilo, mpima mawe wa serikali. Kazi yake ilikuwa ndogo na nadhifu. Akiletewa jiwe analikwaruza, kwanza kwa ukucha, kisha kwa kisu, kisha kwa tupa ya chuma, ajue ugumu wake. Analisugua kwenye kigae cheupe aone linaacha mstari wa rangi gani. Analigonga kwa nyundo ndogo aone linapasukaje. Halafu anaandika alichokiona. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiandika alichokiona, jambo ambalo katika nchi ile ni sawa na kuwasha kiberiti ndani ya ghala la pamba, na alisalimika kwa sababu moja tu: hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kusoma habari za mawe.

Wenzake waliopima vitu vinavyosomwa hawakuwa na bahati hiyo. Bwana Mashauri, mpima mvua, aliandika milimita nne mwaka ule redio ilipotangaza masika ya neema. Walimchukua pamoja na kopo lake la kupimia, kopo kavu kabisa, likawa kielelezo dhidi yake. Bi Theonesta wa sensa aliwahesabu watu wa kaskazini baada ya ile njaa iliyoitwa Mwezi wa Kupunguza Uzito, akakuta wamepungua. Akaambiwa arudie kuhesabu mpaka watimie. Mpaka leo anahesabu, ndani ya Nyumba ya Tafakuri, ambako hakuna cha kuhesabu ila matofali.

Majina hayo mawili Sikudhani aliyakumbuka kila asubuhi akipiga mswaki. Alipiga mswaki kwa muda mrefu.

*

Balaa liliingia ofisini likiwa ndani ya soksi. Aliyeishika soksi ni Lushinge, msimamizi wa zamu katika mgodi wa zinki wa Kilima Kitupu, mtu mwenye mabega ya kabati na mdomo usiojua kwamba idara ziko tatu.

"Dada Siku," alisema, akimwaga mezani jiwe jeusi linalong'aa kiasi, "huyu ni mgeni wa nani?"

"Umemtoa wapi?"

"Shimo la Tano. Amekaa ubavuni mwa zinki, kamng'ang'ania kama mkwe aliyekuja kusalimia akasahau kurudi kwao."

Sikudhani alilikwaruza kwa kisu. Kisu hakikuacha alama. Akalikwaruza kwa tupa, tupa ikaacha. Akaandika: ugumu, sita. Kwenye kigae liliacha mstari wa kahawia iliyokolea, kama chai iliyochemshwa na mtu mwenye hasira. Akaweka chembe katika tindikali, ikatoka hewa ya kijani iliyowafanya wote wawili kukimbilia dirishani wakikohoa. Mwisho akaligonga kwa nyundo, kipigo kidogo cha kumwamsha mtoto, na jiwe likasambaratika vipande vipande.

"Ala!" Lushinge alishangaa. "Si umesema kisu hakiliwezi?"

"Kisu hakiliwezi, kaka. Lakini ugumu si nguvu. Sahani ya kaure kisu hakiichori, na ukiiangusha unafagia. Hili ni hivyo hivyo. Ni gumu, na linavunjika."

Akaliandika hilo pia. Baada ya wiki tatu za hadubini na vitabu alijua kwamba ndani ya jiwe mna zinki, manganizi na oksijeni, na kwamba kwa mpangilio ule halimo katika kitabu chochote alicho nacho. Alipeleka kipande ng'ambo, kwa Baraza la Wataalamu wa Mawe, na baada ya miezi minane jibu likaja: kweli, ni jiwe jipya, dunia nzima halijaandikwa. Tuleteeni jina na sifa zake, vyote katika ukurasa mmoja, maana jina la jiwe likishaandikwa halifutwi, na sifa zake huandamana nalo milele.

Desturi ya kazi hiyo ni kwamba aliyelipata na aliyelipima ndio wanaopendekeza jina. Lushinge hakuhitaji kufikiri. "Liitwe kwa jina la kaka yangu, Masalu," alisema. "Yeye na wenzake kumi na sita bado wako Shimo la Nne, hakuna aliyewatoa. Angalau jiwe liwataje."

Sikudhani akaandika jina la Masalu kwa penseli. Alikuwa na busara ya kutotumia kalamu ya wino, ila busara hiyo haikumsaidia kitu.

*

Barua za kutoka ng'ambo katika nchi ile hupitia kwa Waziri kwanza, zikapumzike na safari. Kwa hiyo siku Sikudhani alipopata jibu, Waziri alikuwa amekwisha kulijua kwa majuma mawili. Alifika ofisini bila taarifa, Mheshimiwa Dakta Fulgensi Kitonka, Waziri wa Madini, Shangwe na Mengineyo. Nyuma yake aliingia mtu mwembamba mwenye daftari, Afisa Pazi wa Idara ya Utulivu. Pazi hakusalimia. Alivuta kiti, akaketi, akafungua ukurasa mpya.

"Mama mpima mawe!" Waziri alianza, akiwahutubia makabati. "Milima ya nchi hii imekaa kimya tangu kuumbwa kwa dunia. Ilikuwa inasubiri nini? Ilikuwa inasubiri uongozi! Na leo mlima umefungua kinywa, umetamka jina moja tu. Unalijua jina hilo?"

Sikudhani alitazama karatasi yake yenye penseli. "Mheshimiwa, tulikuwa tumependekeza..."

"Nimeona. Masalu. Marehemu wana huzuni, mama. Tena huyu alifia katika ajali ambayo serikali ilishatamka kwamba haikutokea. Mtu aliyekufa katika ajali isiyotokea atalipaje jiwe jina?" Akachomoa kifutio mfukoni mwake mwenyewe, akafuta. "Jiwe litaitwa Kidunduliti, kwa heshima ya Mlezi Mkuu wetu, Baba Kidundule, aishi mpaka achoke mwenyewe."

Pazi aliandika hilo, na kwa sekunde mbili hivi hakuna aliyejua kama limeandikwa kwa uzuri au kwa ubaya. Waziri alikirudisha kifutio mfukoni.

Kisha akasoma sifa. Alisoma kwa sauti, akipunguza mwendo kila mstari, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Rangi, nyeusi. Mstari, kahawia. Halipitishi mwanga. Halikai peke yake, huyang'ang'ania madini mengine. Katika tindikali hutoa hewa ya kukohoza." Alinyanyua uso. "Huvunjika?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Likigongwa."

"Nani amelipiga?"

"Mimi, Mheshimiwa. Ndivyo linavyopimwa."

Kalamu ya Pazi ilikwaruza karatasi kwa muda mrefu kuliko sentensi ile ilivyostahili. Sikudhani alitamani kukaa, lakini kiti kilikuwa kimoja, na Pazi alikuwa amekikalia.

*

Ikaundwa Kamati ya Kuboresha Sifa za Jiwe, wajumbe kumi na mmoja. Mwenyekiti alikuwa Waziri. Walikuwemo Jenerali wa Magwaride, Msajili wa Nyimbo, Mkuu wa Chuo Kikuu, na wengine wa uzito huo; hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kushika jiwe isipokuwa la kurushia paka. Sikudhani aliteuliwa kuwa katibu, ili kila neno litoke kwa mkono wake.

Walianza na ugumu.

"Sita ni ndogo," alisema Jenerali. "Kuna jiwe lolote linalozidi sita?"

"Yapo, Mheshimiwa. Almasi ni kumi. Kipimo kinaishia hapo."

"Nani alikiishiza hapo?"

"Mtaalamu mmoja wa zamani, wa ng'ambo. Amekwisha kufa."

"Basi hana pingamizi," alisema Waziri, na kamati ikapitisha kumi na moja, digrii moja kwa kila mjumbe, asilalamike mtu. Mstari wa kahawia ukawa wa dhahabu. "Halipitishi mwanga" ikawa "halihitaji mwanga." Hewa ya kukohoza ikawa "huamsha waliolala." Walipofika penye "huvunjika" hapakuhitajika mjadala. Mkuu wa Chuo Kikuu, msomi mkubwa aliyewahi kuandika juzuu tatu juu ya kivuli cha Mlezi Mkuu, alichukua rula, akaweka juu ya neno, akalikata kwa mstari ulionyooka sana.

Sikudhani aliinua mkono. Ulinyanyuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita. "Waheshimiwa, neno lile si baya. Ni tahadhari tu kwa atakayelitumia."

Vichwa kumi na moja viligeuka. Pazi, kwenye pembe yake, alilamba ncha ya kidole na kufungua ukurasa.

"Nimefuta kauli," alisema Sikudhani.

Usiku na mchana baada ya hapo alikuwa akiogopa vitu vya ajabu. Aliogopa simu ikilia, na ikinyamaza aliogopa zaidi. Aliogopa jirani aliyemsalimia kwa uchangamfu. Aliogopa mkono wake wa kulia, kwa vile ulikuwa na tabia ya kunyanyuka.

Ng'ambo, Baraza la Wataalamu liliandika kwa adabu kuuliza kama kumi na moja si kosa la uchapaji. Waziri alijibu kwa hotuba ya saa mbili juu ya ubeberu, barua ile ikapewa mapumziko ya kudumu.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Heshima ya Jiwe. Kwa kuwa jiwe lina jina la Mlezi Mkuu, ni kosa kulipiga, kulikanyaga, kulikalia, au kulipita bila kuinama. Lakini kule mgodini jiwe lilikuwa limeng'ang'ania zinki yote, huwezi kuipata zinki bila kumpiga mwenzake. Ikaruhusiwa kulipiga endapo mpigaji ataomba radhi kabla ya kila nyundo. Shimoni ikawa "Samahani, Mlezi," ngo! "Samahani, Mlezi," ngo! tangu asubuhi hadi jioni, na wanaume tisa wakakamatwa, wawili kwa kupiga bila kuomba radhi na saba kwa kuomba radhi kwa sauti ambayo Pazi aliisikia kuwa na furaha.

Mpaka hapo bado ilikuwa kichekesho, kama unachekea ndani ya shuka. Halafu Waziri akapata wazo.

*

Alileta wazo hilo mezani kwa Sikudhani likiwa limekwisha kupigwa mihuri. Shimo la Tano linashikiliwa na nguzo za mbao, alisema, na huku taifa lina jiwe gumu kuliko yote duniani. Ni aibu. Mbao zitolewe, zikajenge jukwaa la Sherehe za Kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu. Mahali pake zisimame nguzo za kidunduliti. Za kwanza zilishachongwa, kwa radhi elfu nyingi, na ziko tayari shimoni pembeni mwa mbao. Imebaki hati ya usalama tu, isainiwe na mpima mawe.

Sikudhani alisoma hati. Ilisema: ugumu, kumi na moja, inafaa kubeba mlima.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kama uzi, "kuna ugumu na kuna nguvu. Jiwe laweza kuwa gumu na bado..."

Waziri alimwinamia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Mama. Unataka kuniambia mambo mawili tofauti kuhusu jiwe moja?"

Nje ya dirisha gari la Pazi lilikuwa linanguruma, halijazimwa.

"Naomba siku tatu, Mheshimiwa. Nisome vizuri."

"Chukua. Si nyingi." Alitabasamu. "Bwana Mashauri naye aliomba tatu."

Siku ya pili Lushinge alikuja. Safari hii hakuwa na utani, aliegemea mlango kwa mgongo kuufunga.

"Utasaini?"

"Sijui, kaka."

"Tuko arobaini katika zamu."

"Najua mko arobaini."

"Basi niambie kama mpima, si kama mfanyakazi wa serikali. Mbao zikitoka, zile nguzo zitashika?"

Sikudhani aliuangalia mlango, akaangalia dari, akaangalia kalenda yenye picha ya Mlezi Mkuu akimkumbatia kondoo. Akasogea karibu, akasema kwa pumzi tu, bila sauti: "Zamu hamtaimaliza."

"Basi usisaini."

"Nisiposaini nakwenda Tafakuri, na kesho yake wanamtafuta mwingine, anasaini. Ninyi mnaingia vilevile. Sasa niambie wewe nitakuwa nimeokoa nini?"

Lushinge alikuna shavu. Wanaume wa Kilima Kitupu walikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa na serikali, waliitunga wenyewe wiki ile Shimo la Nne lilipowafunika wenzao kumi na saba na redio ikapiga taarabu. Waliiita sahani. Yeyote atakayethibitisha nguzo, awe fundi, awe mhandisi, huketi chini yake peke yake wakati nguzo za zamani zinaondolewa, akala sahani nzima ya ugali, taratibu, mpaka iishe. Akitoka mzima, zamu inaingia. Bila sahani hakuna mguu unaoingia shimoni, hata uje na bunduki. Bunduki zilishakuja mara moja, zikarudi. Maiti hawachimbi zinki.

"Hati isisainiwe hapa," alisema Lushinge hatimaye. "Mwambie Waziri ije kusainiwa shimoni, mbele ya watu. Atapenda, atadhani ni sherehe."

"Kaka, nikisaini shimoni nitaketi mimi."

"Najua, dada." Alishindwa kumtazama. "Hiyo ndiyo sheria."

Alipoondoka, Sikudhani alikaa kwenye kile kiti kimoja, akajaribu kufikiri juu ya kifo chake, akagundua kwamba hakiogopi sana kama anavyoogopa kuulizwa maswali.

*

Waziri alipenda. Alileta bendi. Alileta picha ya Mlezi Mkuu, kubwa kama mlango, ikaketishwa kwenye kiti cha enzi penye mdomo wa Shimo la Tano, askari akaishikia mwavuli. Hakuna aliyethubutu kuipa mgongo, hivyo msafara mzima ulitembea upande upande kama kaa. Wajumbe wa kamati walikuja wote kumi na mmoja, na kila mmoja, alipoiona ile hati yenye jina la Mlezi Mkuu kichwani kwa herufi za kupambwa, alitaka jina lake liwe karibu nalo. Walisukumana. Jenerali alitumia kiwiko. Walisaini wote, mmoja chini ya mwingine, hata Sikudhani alipofikiwa ilibaki nafasi ya kidole tu pale chini.

Alishika kalamu. Ugali wake ulikuwa tayari umepakuliwa, aliuona juu ya kreti, unafuka moshi.

"Ngoja kwanza, dada," alisema Lushinge. Alichukua hati, akaisoma kwa kidole, midomo ikitembea. Nyuma yake wachimbaji arobaini walisimama, kofia zao mkononi. "Hapa naona majina kumi na moja yamethibitisha. Jamani, jikoni! Sahani kumi na moja!"

Bendi iliendelea kidogo, kisha ikapotea njia, ikanyamaza.

"Sahani za nini?" aliuliza Waziri.

Lushinge alieleza, kwa heshima zote, akiita kila mtu mheshimiwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyobadilika rangi.

"Sisi tumesaini kwa niaba," alisema Mkuu wa Chuo Kikuu.

"Kwa niaba ya nani, Mheshimiwa?"

"Mimi nina kisukari," alisema Msajili wa Nyimbo. "Ugali nimekatazwa."

"Ule matonge madogo madogo, baba."

Jenerali alicheka kwa nguvu peke yake. "Upuuzi! Watu wa hadhi yetu tukae chini ya mawe?"

"Si mawe, Mheshimiwa," alisema Lushinge polepole. "Ni kidunduliti. Au Mheshimiwa ana shaka nacho?"

Hapo ndipo iliposikika ile sauti ndogo. Afisa Pazi alikuwa amefungua ukurasa mpya.

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa amewahi kuona mwenzake akipelekwa kwa shaka ndogo kuliko hiyo. Wengine ndio waliopeleka. Mbele yao palikuwa na shimo na nyuma palikuwa na daftari, nao walipiga hesabu ambayo wananchi wa kawaida wa nchi ile huipiga kila siku kabla ya chai. Waziri ndiye aliyetangulia. Alichukua sahani yake kwa mikono miwili, akaiinamia picha, akaingia.

Waliketi kwa safu chini ya nguzo nyeusi. Wakaanza kula. Hakuna karamu ya taifa iliyowahi kuliwa kwa kasi ile: Jenerali alisukuma matonge mazima mazima bila kutafuna, machozi yakimtoka. Nje, wachimbaji walishika kamba zilizofungwa kwenye mbao.

Ubao wa kwanza ukavutwa. Vumbi likashuka juu ya mboga.

Ubao wa pili ukavutwa. Ndani ya nguzo ya katikati kitu kililia kidogo, tii, kama kikombe cha chai kilichomwagiwa maji ya moto.

Hakuna aliyekisikia ila Sikudhani. Alikuwa amesimama mdomoni mwa shimo na Pazi begani kwake, karibu kiasi cha kuhisi pumzi ya peremende. Kamba ya tatu ilikuwa inakazwa. Alijua asichotakiwa kufanya, hakuna aliyemwomba afanye kitu, jina lake halikuwemo, wino wa kalamu yake ulikuwa unakauka. Aliwaona wale kumi na moja, midomo imejaa: aliyemfuta Masalu kwa kifutio, aliyelikata neno kwa rula. Kunyamaza kungetosha. Nchi nzima ilikuwa imemfundisha kunyamaza na leo, kwa mara ya kwanza, kungekuwa na ladha. Alishika ukuta. Ukuta nao ukalia, tii.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Tokeni humo! Ugumu ni sita! Sita, na linavunjika! Linavunjika kama sahani!"

Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyeomba marekebisho wala kupendekeza kura. Wajumbe kumi na mmoja walitoka shimoni wakiwa kama mbuzi waliofunguliwa zizi, Waziri akiwa bado ameikumbatia sahani yake, na mjumbe wa mwisho alikuwa hajavuta pumzi mbili nje wakati nguzo zilipopasuka zote kwa pamoja na kilima kikaketi.

Vumbi lilipotulia, picha ya Mlezi Mkuu ilikuwa nyeupe tupu. Hakuna aliyethubutu kuipangusa, sheria ilikataza kugusa uso.

Lushinge alimsogelea Sikudhani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ungewaacha, dada," alisema. "Kaka yangu hakupigiwa kelele na mtu."

"Najua, kaka. Ndiyo maana," alisema Sikudhani, akaketi juu ya kreti penye ugali wake uliopoa.

*

Redio ya mchana ilitangaza kwamba Kilima Kitupu kimeinama kwa heshima mbele ya picha ya Mlezi Mkuu. Wachimbaji hawakuisikiliza. Walikuwa wameshakwenda kukata mbao nyingine, kwa ajili ya mashimo yaliyobaki, na hakuna aliyewakataza, maana ingebidi mkatazaji aende mpaka shimoni kukataza.

Hati ya kumkamata Sikudhani iliandikwa palepale, juu ya boneti ya gari. Kosa: kutaja namba isiyopitishwa. Wajumbe walisaini wote kumi na mmoja, vidole vikiwa bado na vumbi na ugali, kila alama ikaonekana vizuri. Waziri alimfungulia mlango wa gari mwenyewe.

"Mama, umetuokoa maisha, nasema kutoka moyoni, sisi na familia zetu hatutakusahau," alisema. "Ingia."

Akaingia. Pazi aliketi pembeni yake, daftari magotini, na dereva akashika njia ya Nyumba ya Tafakuri. Barabara ilikuwa ndefu, nyeupe kwa jua la alasiri. Sikudhani alijaribu kukumbuka sura ya Bi Theonesta, atamtambuaje katikati ya matofali.

Kilomita ya tano Pazi alikohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitoa sauti.

"Mama," alisema, akitazama mbele. "Zile nyumba zetu mpya za idara. Unazijua?"

"Nazisikia."

"Ghorofa moja. Sebuleni kuna nguzo. Walituwekea hiyo hiyo, ya kidunduliti, kama zawadi. Ya mbao wakaitoa Jumatatu."

Sikudhani aligeuka. Kitu fulani ndani yake, kile kisichojua kuogopa kwa sababu kinajua kazi, kilikuwa kimekwisha kuanza kupima. "Juu ya nguzo kuna nini?"

"Bafu. Na tangi la maji."

"Linajazwa?"

"Linajaa saa kumi, maji yakifunguliwa." Alitazama saa yake. Kalamu ilimponyoka, ikaviringika chini ya kiti, hakuiokota. "Jana mke wangu alisikia kitu. Nikamwambia ni panya. Mama, itashika?"

"Nani yuko nyumbani?"

"Mke wangu. Na watoto wametoka shule."

"Haitashika," alisema Sikudhani.

Aliyegeuza gari ni dereva, ambaye hakuulizwa wala kuagizwa, na ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia nyumba iliyo jirani na ya Pazi mwezi uliopita. Aligeuza katikati ya barabara, magurudumu yakalia, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na nyuma yao Nyumba ya Tafakuri ikabaki imefungua lango lake, inamsubiri mtu.